Chafya za Jumamosi

Siwezi kusimama karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Watoto wangu wanalijua hilo na wananicheka, maana hata sokoni humwelekeza muuzaji wa mchele kwa kidole nikiwa hatua kumi mbali naye. Wanadhani ni maringo. Ile harufu ya pumba, kavu na tamu kwa mbali, hunifikia tumboni kabla ya puani. Na mimi, mama mzima wa watoto watatu, hutafuta njia nyingine ya kupita. Nimewaambia kwamba nina mzio, na kweli ninao. Yaliyobaki sijawahi kuwaambia.

Wenzangu mliokulia Ifakara miaka ile mtakumbuka jinsi nyumba zilivyogawanyika msimu wa kilimo. Nusu ya watu walihamia shambani na nusu wakabaki mjini kwa ajili ya shule na kazi. Kwetu aliyehama alikuwa Bibi, mama yake Baba. Shamba lake lilikuwa Idete, na tangu mvua za kwanza hadi mpunga unakwisha kuvunwa alikaa huko kwenye kibanda cha nyasi, akifukuza ndege mchana kutwa hadi sauti inamkauka. Sisi tulibaki mjini, mtaa wa Viwanja Sitini: Baba ambaye alikuwa fundi baiskeli, Mama, na mimi niliyekuwa darasa la pili.

Wakati wa mavuno Bibi alikuja kila Jumamosi. Alishuka kwenye lori mchana, amejifunga khanga mbili, kichwani ana vumbi jeupe la mpunga hadi kwenye nyusi, na nyuma yake kijana wa lori akishusha gunia. Alikaa hadi Jumatatu asubuhi ili asikose misa ya Jumapili. Magunia yalipangwa kwenye chumba changu, yamepanda ukutani karibu na kitanda, na humo ndimo tulimolala mimi na yeye. Alikuwa akiniita mke mwenzangu. Nikimwamkia shikamoo alinijibu marahaba mke mwenzangu, kisha akaniuliza mume wetu nimempeleka wapi, ilhali Babu alifariki kabla sijazaliwa. Nilimjibu kwamba nimemficha chini ya kitanda. Mchezo huo tuliurudia kila wiki na hatukuuchoka.

Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Naliweka wazi hilo mapema, kwa sababu nitakayoyaeleza hayafanani na ya mtu anayependa.

Wakati wa mavuno ya mwaka ule ndipo nilipoanza kuumwa. Jumamosi, saa moja au mbili baada ya Bibi kufika, pua ilianza kutekenya, kisha zikaja chafya saba au nane kwa mkupuo bila nafasi ya kuvuta pumzi. Makamasi yalitiririka mepesi kabisa. Macho yaliwasha, nikayafikicha hadi yakavimba, na hata paa la mdomo liliwasha nikawa nalikwangua kwa ulimi. Mama alisema ni mafua. Alinichemshia tangawizi na limau, akanifukiza kwa majani chini ya blanketi, akanifunga kitambaa shingoni. Bibi akaondoka Jumatatu, na Jumatano nikawa mzima. Jumamosi yakarudi. Mama akachemsha tena tangawizi.

Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumepata mafua nyumba nzima. Alianza Baba, akafuata Mama, nikamalizia mimi, na wote tulilala na homa huku viungo vinauma. Haya ya Jumamosi hayakumpata mwingine yeyote. Hilo mtoto analiona. Nilikuwa mtoto wa kuchunguza mambo, mwalimu wangu alinisifia sana kwa hilo, na kwenye kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani nilianza kuweka alama ya mkaa kila siku niliyoumwa. Baada ya wiki nne nilikuwa na jibu, na nikalifurahia kama mtu aliyepata hesabu ngumu.

Nililitoa siku ya Ijumaa, nje ya nyumba, Mama akinisuka nywele na jirani yetu amekaa kwenye kigoda akichambua mboga. Jirani aliniuliza mafua yangu yameendaje.

"Bibi akija naumwa," nikasema. "Akiondoka napona."

Mikono ya Mama ilisimama kichwani kwangu. Jirani hakuinua uso kwenye mboga zake, lakini vidole vyake navyo viliacha kazi. Nilidhani wananishangaa kwa akili zangu, nikaongeza kwamba kama hawaamini wakaangalie kalenda. Mama aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi alinimalizia kichwa kwa kuvuta nywele hadi machozi yakanitoka.

Sikuwa nimefikiria habari za mdogo wangu. Wao walimfikiria. Fidelis alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, hajaanza hata kutembea. Homa ilimpanda mchana, na jua lilipozama hakuwa tena na sisi. Ilikuwa Jumapili, na Bibi alikuwa amefika jana yake. Nadhani Mama alikuwa amelibeba neno hilo moyoni mwaka mzima akiona aibu kulitamka, na mimi nikalitamka kwa niaba yake mbele ya jirani.

Wiki mbili hazikupita. Baba mkubwa, kaka yake Baba, alikuja Jumapili baada ya misa akakaa sebuleni na Baba, Mama na Bibi. Mimi niliambiwa nikacheze, nikasimama nyuma ya pazia. Baba alisema mara moja tu kwamba mama yake si mchawi. Baba mkubwa hakusema kwamba ni mchawi. Alisema watu wanasema. Alisema mtaa mzima umeshaijua ile kalenda, na dawa ya maneno ya watu inajulikana: waende wote ng'ambo ya mto wakanyolewe, yaishe.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Mtu akishukiwa uchawi, hapigwi wala hafukuzwi. Anapelekwa kwa mganga anayenyoa. Wanakwenda wote, anayeshukiwa, anayemshuku na mgonjwa mwenyewe, na wote wananyolewa vichwa na kupewa dawa. Aliyekuwa mchawi uchawi wake unakufa hapo, na asiyekuwa mchawi anarudi na jina safi. Ndivyo ilivyosemwa. Wakubwa waliona ni njia ya amani, na leo naweza kuelewa kwa nini.

Nyuma ya pazia nilisubiri Bibi acheke. Nilisubiri awaulize mume wetu wamempeleka wapi. Kisha nikamsikia akisema taratibu, "Ninyoeni."

Tulikwenda siku ya kazi, shule nikakosa. Baba alinibeba kwa baiskeli hadi Kivukoni, tukavuka kwa pantoni, na upande wa pili tukapanda lori. Nilikaa nimebanwa na Bibi safari nzima, bega langu kwapani mwake. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, lililofuliwa na kupigwa pasi. Vumbi la barabara lilitufanya wote wekundu. Hakuniita mke mwenzangu hata mara moja, na mimi sikuthubutu kumwangalia usoni.

Mganga alikuwa mzee mfupi, mpole, mwenye sauti ya kukwama. Sikumwogopa yeye. Niliogopa wembe, na niliogopa zaidi nilipoona nywele za Bibi zinaanguka chini, nyeupe, nyingi kuliko nilivyojua anazo, maana nilikuwa sijawahi kumwona bila kilemba. Kichwa chake kilibaki kidogo. Masikio yalionekana makubwa. Alifumba macho muda wote na mdomo wake ulikuwa unasali. Mama alinyolewa, Baba na Baba mkubwa wakanyolewa, nikanyolewa mimi. Tukanyweshwa maji machungu kwenye kata moja. Kisha mzee akatuambia maneno ambayo sijayasahau.

"Sasa yamekwisha. Ila kama alikuwamo mwenye mambo yake, na akarudia, dawa itamrudia mwenyewe. Hatamaliza mwezi."

Wakubwa waliitikia kwa vichwa. Mimi nilipiga hesabu yangu ya pili. Nikipiga chafya, watajua Bibi amerudia. Akiwa amerudia, dawa itamuua. Kwa hiyo chafya yangu moja tu ingemuua Bibi.

Jumamosi iliyofuata alikuja na gunia kama kawaida. Nilisikia lori likisimama barabarani. Nilimwamkia kwa mbali, akaitikia kwa mbali, na hapo nilikuwa na hakika kwamba amenikasirikia. Chakula chake aliomba apelekewe nje. Hakutaka tulale pamoja, alisema atalala sebuleni kwenye mkeka kwa sababu ya joto, na haukuwa mwezi wa joto. Kitanda chetu akaniachia mimi na magunia.

Nilijifunza kuficha. Pua ikianza kutekenya niliibana kwa vidole viwili na kuukandamiza ulimi kwenye paa la mdomo. Ikizidi, nilikimbilia chooni nikaizika sura kwenye sweta langu la shule na kupigia humo, masikio yakiziba. Kwa ajili ya macho mekundu nilipata ujanja: nilijitolea kupuliza moto jikoni. Mama alishangaa nilivyokuwa mwema ghafla. Kila aliyeniuliza kuhusu macho nilimwambia ni moshi, na baada ya siku mbili za moshi kifua kilikuwa kimeanza kubana. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine. Niliangalia kalenda lakini sikuweka alama. Nilikuwa nahesabu tu siku zilizobaki mwezi uishe, nikiamini kwamba ukiisha Bibi yupo hai, basi tumepona wote wawili.

Hatukufika. Jumapili ya tatu mchana Bibi alikuwa uani, na Baba alifungua gunia chumbani kwangu ili apime mpunga wa kupeleka mashineni. Mimi nilikuwa kitandani. Nilibana pua. Nilibana hadi nikaona nyota, na chafya ikashuka kifuani badala ya kutoka. Ndivyo nilivyohisi. Kifua kikafunga. Nilivuta pumzi na pumzi haikuingia, ila mluzi mwembamba. Baba aligeuka akaniona nimeshika ukuta. Sikumbuki alivyonibeba. Nakumbuka nilipopitishwa uani nilimwona Bibi amesimama, mikono yote miwili mdomoni, akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo wake ukagusa ua wa mabua.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja siku hiyo, mama mnene mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi. Alinichoma sindano, akaniketisha wima, akanisugua mgongo hadi mluzi ukapungua. Ndipo akaanza kumuuliza Mama, aliyekuwa amekuja mbio nyuma yetu. Mama alisema ni mafua yangu ya kila wiki.

"Mafua ya kila wiki hayapo," nesi akasema.

Aliniwekea kipimajoto kwapani, akakisoma, akasema sina homa. Akauliza kama mwili unauma, nikasema hauumi. Nani mwingine nyumbani ana mafua? Hakuna. Makamasi ni mazito au mepesi? Mepesi. Macho yanawasha? Mama akasema ni moshi. Nesi akauliza, hii hali huanza lini na lini? Mama aliangalia sakafu, na mimi nikamwangalia Mama.

Nesi hakurudia swali. Alimtuma Mama dirisha la dawa. Kisha akakiangalia kichwa changu kilichoanza kuota vinywele, akachungulia nje kwenye kichwa cha Mama kilichokuwa vilevile, khanga imeteleza. Alikuwa mtu wa hapahapa, hakuhitaji kuelezwa.

"Ni nani?" aliniuliza. "Ni bibi yako?"

Nililia. Nilimshika gauni lake jeupe nikamwomba asiwaambie kwamba nimekuwa nikipiga chafya, kwa sababu Bibi atakufa na mwezi haujaisha. Nilimweleza yote, sweta, moshi, kalenda, wembe. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha. Halafu akauliza swali ambalo katika wiki zote zile hakuna mtu aliyeliuliza.

"Bibi akija, anakuja na nini?"

Nikasema anakuja na mpunga. Akauliza unawekwa wapi, nikasema chumbani kwangu. Akauliza siku tuliyokwenda ng'ambo nilikaa na nani kwenye lori. Na Bibi, nikasema, kutwa nzima, kwenda na kurudi.

"Ulipiga chafya?"

Nilifikiri. Nilirudi nyuma mpaka kwenye pantoni, nikapita barabara yote kwa kichwa, nikiwa kwapani kwa Bibi. Hapana. Hata moja.

Ndipo alinifundisha, polepole, kama mtu anayemfundisha mtu mzima. Mafua ni ugonjwa, alisema, mtu humwambukiza mwenzake. Huja na homa, mwili unauma, hukaa siku kadhaa, kisha yanapita hata usipohama ulipo. Hii yangu inaitwa aleji. Mwili wangu unagombana na vumbi la mpunga, hilo tu, ndiyo maana vumbi la barabarani halikunifanya kitu. Haina homa, haimwambukizi mtu. Nikilikaribia vumbi inaanza na nikiliacha inakwisha. Alisema nilichokiona kwenye kalenda nilikiona sawasawa, ila nilimtazama aliyebeba na sikutazama mzigo.

Mama aliporudi aliambiwa hayo hayo. Jioni hiyo Baba aliyahamishia magunia yote kwenye kibanda chake cha baiskeli, akafagia chumba, akamwaga maji sakafuni, na Mama akafua kila kitambaa kilichokuwamo, hata pazia. Alikifua kwa nguvu, akikigonga kwenye jiwe. Bibi alikwenda shambani na kurudi Jumamosi. Sikupiga chafya, na Jumapili nilikuwa mzima. Mtaani walisema dawa ya mzee imefanya kazi. Baba mkubwa aliamini hivyo hadi alipofariki, na hakuna aliyehangaika kumkosoa. Bibi naye tangu siku ile aliitwa aliyenyolewa, bila ubaya, kama mtu anavyotajwa kwa mtaa anaotoka.

Lakini alikuwa bado ananikwepa. Jumapili hiyo baada ya misa alikuwa nyuma ya nyumba akimenya mihogo, nikamwendea. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote aliyosema nesi, nikiwa na hofu kwamba atanifukuza, maana ni mimi niliyempeleka kwenye wembe. Alinisikiliza kisu kikiwa kimesimama. Akaniambia nirudie. Nilirudia. Akaniuliza kama nesi alisema hivyo kweli, kwamba ni vumbi.

"Ni vumbi, Bibi. Mimi nilidhani umenikasirikia."

Alitikisa kichwa. Vinywele vyake vilikuwa vimeota vyeupe, virefu sawasawa na vyangu.

"Sikukasirika," alisema. "Niliogopa. Wanasema mtu anaweza kuwa na uchawi na asijijue, akatoka usingizini akafanya mabaya, asubuhi hakumbuki. Niliposikia umesema wewe, ambaye hujui kudanganya, nikasema basi labda ni mimi. Ndiyo maana nikakubali. Na waliponinyoa bado sikujiamini. Nililala mbali nawe nisije nikakumaliza."

Nilikuwa nimemwogopa Bibi, kisha nikaogopa kwa ajili yake. Haikunipitia kamwe akilini kwamba na yeye alikuwa anajiogopa, peke yake, kwenye mkeka sebuleni, na kwenye kile kibanda cha Idete. Nilitaka kumkumbatia na sikujua naanzia wapi.

Akamenya muhogo mmoja hadi mwisho. Akauweka kwenye sufuria.

"Na Fidelis?" aliuliza, bila kuniangalia.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua habari za chafya na macho kuwasha, basi. Fidelis hakupiga chafya. Aliungua homa, na hiyo nesi alisema si aleji, ni kitu kingine, na kitu hicho kingine sikufundishwa. Bibi alisubiri. Mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile pumzi ilipokatika, kwa sababu niliona kwamba nitakalosema atakaa nalo hadi kufa kwake.

"Hata Fidelis haikuwa wewe, Bibi."

"Nani kasema?"

"Nesi."

Aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye khanga, akanivuta, akakiweka kichwa changu kifuani pake na kidevu chake juu ya utosi wangu. Alilia bila sauti hadi nikalowa shingo, akawa anarudia kwamba basi, kama nesi kasema, basi.

Nesi hakuwa amesema. Hakuna aliyemtajia jina la Fidelis.